Mtaa Uliojengwa na Mpaka

Malori yalianza kabla ya mji. Matatu yetu kutoka Kisumu ilikuwa haijaona paa la kwanza la Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, na tayari matrela yalikuwa yamepanga mstari ukingoni mwa lami, madereva wakipiga mswaki kando ya magurudumu na matingo wakiteleka chai chini ya vivuli vya makontena. Ilikuwa saa moja asubuhi. Wageni wengi hapa huenda moja kwa moja forodhani, wakagongewa muhuri, wakavuka. Mimi nilikuja kutazama wanapolala wenye nazo wa mji huu.

Nairobi ina Muthaiga, Kisumu ina Milimani. Katika miji hiyo mtu akipata huhamia penye miti mikubwa na kimya, akaziacha kelele zilizomtajirisha. Busia sikuona kimya cha namna hiyo. Nyumba nzuri zimekaa humo humo mjini, mwendo mfupi kutoka kwenye foleni, katikati ya vibanda vya mabati, vyumba vya kupanga na vishamba vya mihogo. Unampita fundi wa baiskeli, unampita mama anayekaanga mandazi, mara unakutana na ukuta mrefu, lango jeusi la chuma, na nyuma yake ghorofa yenye nguzo nyeupe. Ukipiga hatua ishirini ukuta umekwisha na mihogo imeanza tena.

Mwanzoni nilidhani ni ujenzi usio na mpango. Kisha lango moja likawa wazi nikaona kilichomo uani. Matrela mawili yasiyo na vichwa yalikuwa chini ya mwembe, kama ng'ombe waliorudi kutoka malishoni. Kando ya nyumba palikuwa na makaburi matatu yaliyosakafiwa kwa simiti, moja likiwa na vigae vyeupe. Kwa Wakhayo na Wateso, wenyeji wa ardhi hii, mtu huzikwa kwake, hata kama kwake kumezungukwa na maduka. Hapo nikaelewa. Boma lilikuwapo kwanza, mji ukaja ukalizunguka, na mwenye boma, badala ya kuuza na kwenda zake, akapandisha ghorofa pale pale walipolala wazee wake.

Nikapiga hodi.

"Karibu, mwanangu. Kama unamtafuta kijana wa malori, yuko Malaba tangu juzi."

Mama mwenye nyumba alikuwa kwenye mkeka barazani, miguu ameinyoosha, anachambua majani ya kunde. Nyuma yake mlango wa mbao nzito, zulia, makochi makubwa. Yeye kachagua mkeka. Nilimwambia ninaandika juu ya nyumba za Busia. Akanisogezea fungu la kunde nimsaidie, ndipo akaanza kusema.

"Hii nyumba tofali lake la kwanza lilinunuliwa na baiskeli."

Marehemu mumewe alikuwa bodaboda. Nalitamka neno hili kwa heshima, kwa kuwa hapa ndiko kwao. Zamani vituo vya Kenya na Uganda viliachana, na aliyeshuka basi upande mmoja ilimbidi autembee mwanya ule kwa miguu, mzigo kichwani. Gari lisilo na karatasi halikuruhusiwa kuuvuka. Baiskeli haikuulizwa kitu. Vijana wakafunga kiti cha sponji nyuma, wakawa wanawaita abiria kwa neno la Kiingereza la mpaka, mara mbili, mpaka hadi mpaka. Leo neno hilo linatamkwa Kampala na Dar es Salaam, na wengi wanaolitamka hawajui kwamba lilizaliwa kwenye vumbi hili, kwa jasho la miguu ya watu. Miji mingine ingelijengea mnara. Busia bado ina baiskeli zenyewe; asubuhi ile nilihesabu 11 zikipita mbele ya lango, moja ikiwa na trei za mayai zilizopanda hadi begani mwa mwendeshaji.

Mama alipofika miaka ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, alishusha sauti, ingawa tulikuwa wawili tu. Waganda walikosa sabuni, walikosa chumvi, walikosa sukari. Kenya ilikuwa navyo. Na Uganda ilikuwa na kahawa ambayo mkulima wake alilipwa kwa fedha isiyonunua kitu. Mwezi Julai 1975 jalidi iliunguza mibuni ya Brazil, bei ya dunia ikapanda hadi kilele chake mwaka 1977, na mpaka wote huu, kuanzia ziwani hadi Mlima Elgon, ukawa mlango wa usiku. Kule Chepkube, upande wa Bungoma, palizuka soko la kahawa ambalo wazee bado wanalisimulia. Magendo yaliwapa watu magari na nyumba za mawe. Amin naye akaamuru wafanya magendo wapigwe risasi.

Mikono yake ilisimama. "Kaburi la katikati ni la shemeji yangu. Alivuka usiku, akarudishwa asubuhi."

Sikuwa na la kusema. Nikaendelea kuchambua kunde. Ninawajua waandishi wanaoisimulia enzi ile kama sinema ya ujanja na utajiri, na sikubaliani nao. Katika ua huu hesabu yake iko wazi: matrela mawili, makaburi matatu.

Mpaka wenyewe ni mchanga kuliko watu wake. Hadi mwaka 1902 nchi hii yote, kutoka hapa hadi Naivasha, ilitawaliwa kama Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Mwaka ule Waingereza wakauhamisha mkoa kwa kalamu, na bibi yake mama huyu, ambaye hakuondoka jikoni kwake, akalala Uganda akaamka upande ambao baadaye ukaitwa Kenya. Mwaka 1926 amri ya London ikaueleza mstari kwa kina, ukifuata mito ya Sio na Malaba. Kwenye mto angalau unajua unavuka. Hapa Busia mjini mstari unapita nchi kavu, kati ya duka na duka. Wasamia wako pande zote mbili, Wateso vivyo hivyo. Watoto wa Kasisi Jeremiah Awori, Msamia wa Kanisa la Anglikana, ndio mfano unaotajwa sana: Moody Awori akawa Makamu wa Rais wa Kenya kuanzia 2003 hadi 2008, na ndugu yake Aggrey Awori akagombea urais wa Uganda mwaka 2001. Tumbo moja, bendera mbili.

Saa tano niliaga, nikatembea hadi forodhani. Tangu Februari 2018, Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walipokizindua kituo cha pamoja, utaratibu umegeuka. Anayetoka Kenya hamalizii mambo yake Kenya. Huvuka hadi upande wa Uganda, na huko humkuta ofisa wa Kenya na wa Uganda chini ya paa moja. Mwenye lori hufaidi. Mama mwenye magunia mawili ya maharagwe naye ana cheti chake chepesi cha asili ya bidhaa, kwa mzigo usiozidi dola 2,000. Hata hivyo niliwaona akina mama wakikata kwenye njia za panya, kitenge kimekazwa, mzigo mgongoni. Mmoja aliyepumzika kando yangu alisema foleni ya ndani humlia siku nzima, na mayai hayasubiri. Wabadilishaji fedha walikuwa wameketi kwenye viti vya plastiki, vibunda vya noti mapajani. Shilingi moja ya Kenya hupata zaidi ya 25 za Uganda, na ikitetereka kidogo tu, bei ya ndizi hubadilika kabla ya adhuhuri. Mji mzima hupiga hesabu hiyo, hadi watoto wa shule.

Kutoka hapo nikapanda matatu ya Malaba, inayopita Alupe, ambako zamani walipelekwa watu wenye ukoma na sasa kuna chuo kikuu kilichopewa hati yake mwaka 2022. Malaba ni mji mwingine kabisa. Busia ni baiskeli na soko; Malaba ni injini. Reli iliyofika Kampala mwaka 1931 inavukia hapa, na barabara kuu kutoka Mombasa inaishia hapa kabla ya kuwa ya Uganda. Wenye nazo wa Malaba wamejenga kwa ajili ya anayesubiri: gesti, maegesho, vituo vya mafuta, hoteli za pilau, na juu ya hoteli familia yenye mali hiyo imelala, pazia limefungwa dhidi ya moshi. Aprili na Mei 2020, madereva walipopimwa korona mmoja mmoja, foleni ilirudi nyuma makumi ya kilomita kuelekea Bungoma. Muuza chai mmoja aliniambia madereva waligeuka majirani. Aliwafulia, wakamlipa, na watu wakamkimbia kwa kuwa aliwafulia. Machozi yalimlenga akisema hivyo.

Mchana nilikodi pikipiki kwenda Kakapel, kwenye vilima vya Chelelemuk. Ni jabali kubwa lililoinama kama paa, na kwenye tumbo lake kuna michoro: duara ndani ya duara, nyekundu na nyeupe, na ng'ombe. Mlinzi alinionyesha mahali wataalamu walipochimba. Matokeo yalitangazwa mwaka 2024: chini ya jabali hili zilipatikana mbegu za kunde zilizopimwa na kuonekana zina miaka 2,300, ushahidi wa zamani kuliko wote wa mazao ya shambani uliopatikana Afrika Mashariki. Kuna wimbi pia, la zaidi ya miaka 1,000. Walifika watu wa aina nyingi, nyakati tofauti, kila mmoja na mbegu yake. Nilikaa pale hadi mlinzi akaniambia jua linashuka.

Nilirudi Busia giza limeingia, nikapitia kwa mama kuaga. Hakukubali niage. Wajukuu walikuwa wamezingira sinia: ugali mweusi wa mihogo na mtama, na zile kunde za asubuhi, zimepondwa laini kwa maziwa. Nikamwambia habari ya mbegu za Kakapel, miaka 2,300. Aliitafakari, akamega tonge.

"Basi walikula vizuri," alisema.

Simu ikalia. Alikuwa kijana wa malori, kutoka Malaba. Foleni haijasonga. Mama akamuuliza kama amekula, akasikiliza, kisha akafunika bakuli moja la kunde kwa sahani na kuliweka kando, juu ya kabati, chini ya picha ya mzee mmoja aliyeishika baiskeli kwa mikono miwili.