Kutoka Kitaji Mpaka Chicago

Msomaji mpenzi, ukifika Musoma, pita kata ya Kitaji. Hapo ni mjini: watu wametoka Butiama, Bunda, Rorya na kwingineko, na jirani yako si lazima awe ndugu yako. Kijijini, shida ikitokea, hupigwa yowe na watu wakakusanyika. Je, mjini nani atapiga yowe? Twende mbali kidogo tukatafute jibu.

Karibu na ziwa letu la Victoria, nchini Kenya, kuna kijiji kiitwacho Kogelo. Mtu mmoja wa huko alikwenda Marekani kusoma, na mwaka 1961 akapata mtoto, Barack Obama. Mwaka 1985 mtoto huyo, sasa kijana wa miaka 23, alifika Chicago, mji ulioko kando ya ziwa Michigan. Hakwenda kutafuta ukubwa. Kwa mshahara mdogo aliajiriwa kuwaunganisha watu wa mitaa ya kusini, ambako viwanda vya chuma vilikuwa vimefungwa na akina baba wengi hawakuwa na kazi. Chama chake kilisaidiwa na parokia za Kikatoliki, na ofisi yake ilikuwa parokiani.

Kazi yake ilikuwa nini? Kubisha hodi, kuketi, na kuuliza: Mama, ni jambo gani linalokunyima usingizi?

Katika mtaa wa Altgeld Gardens, wenye nyumba karibu 1,500 zilizojengwa mwaka 1945, jibu lilipatikana. Mabomba ya nyumba yalikuwa yamefunikwa kwa asbesto, kitu ambacho vumbi lake likivutwa pumzini huweza kuleta saratani ya mapafu. Na watoto walikuwa wakicheza humo humo! Mwaka 1986 wenyeji, wengi wao akina mama, walipanda basi wakaenda mpaka ofisi kuu ya nyumba za mji. Obama hakuwasemea, wao wenyewe walisema. Nyumba zikapimwa, asbesto ikaonekana, na kazi ya kuondoa hatari ikaanza.

Lakini tusimpe kijana sifa zote. Mama mmoja wa mtaa huo, Hazel Johnson, alikuwa ameanza kupigania hewa safi tangu kabla Obama hajafika. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mwaka 1988 Obama aliondoka kwenda kusoma sheria, na kuanzia 2009 hadi 2017 alikuwa Rais wa Marekani. Wale akina mama walibaki mtaani, nao walikuwa wamekwisha jifunza njia ya kufika ofisini.

Basi, ndugu msomaji, huenda una mwana anayekaa Kitaji, au Mwanza, au Dar es Salaam. Akija likizo, usimwulize tu amepata nini. Mwulize pia: Majirani zako wangapi unawajua kwa majina?