Kusahau si Uzembe

Mchukulie mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya msingi huko Ntimaru, Kuria Mashariki, karibu na mpaka wa Kenya na Tanzania. Jumatatu amefunza ngeli kumi katika kipindi kimoja. Ubao umejaa na darasa limeitikia kwa sauti moja. Ijumaa anauliza, kimya kinatanda. Kauli inayofuata ni ile iliyozoeleka: "Vichwa maji nyinyi!" Mtoto aliyeambiwa hivyo mara tatu huacha kuinua mkono, na hapo ndipo anapopotea.

Hata hivyo, lawama hiyo haimstahili. Mnamo mwaka wa 1885, Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha, kwa kujipima mwenyewe, kuwa mtu husahau sehemu kubwa ya aliyojifunza katika saa na siku za mwanzo, na kwamba marudio yaliyogawanywa kwa siku kadhaa hufaa kuliko ya mkupuo. Mwaka wa 1956 naye Mmarekani George Miller alieleza kuwa akili hushika mambo takriban saba tu kwa wakati mmoja. Ngeli kumi kwa kipindi kimoja, basi, ni kumimina pishi katika kibaba.

Aidha, kumbukumbu hufuata maana. Katika kitabu chake cha 1932, Mwingereza Frederic Bartlett alisimulia habari za mchungaji Mswazi aliyewakumbuka, karibu bila kosa, ng'ombe walionunuliwa mwaka mmoja kabla. Bartlett hakuuona huo kuwa muujiza: ng'ombe walikuwa ndio maisha ya mtu yule. Mtoto wa Ntimaru, aliyelelewa katika jamii ya wafugaji, hashindwi kulielewa hilo.

Mtoto huyo pia anajua kwamba mmoja ni Omokuria na wengi ni Abakuria. Mkuria na Wakuria hawako mbali. Ngeli ya A-WA imo kichwani mwake tayari, inangoja kuamshwa. Mwalimu na aanzie hapo. Afunze ngeli mbili, kesho aulize kabla ya kushika chaki, na juma lifuatalo aulize tena, kwa kuwa kujaribu kukumbuka huimarisha kumbukumbu kuliko kusoma upya.

Yamkini atajitetea kuwa silabasi ni ndefu na mtihani u karibu. Ni kweli. Lakini silabasi iliyokamilishwa daftarini ikasahauliwa vichwani, imekamilishwa kwa faida ya nani?