Hadhari ya Rais na Haki ya Mpiga Kura

Wahenga walinena kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Methali hii hunijia kila nimsikiapo rais akizungumzia hila za uchaguzi. Je, rais mwenye upande aseme ayajuayo, au anyamaze?

Swali hili lilimkabili Barack Obama mwaka 2016. Mimi ni mzaliwa wa Migori, na wajomba zangu ni wa Homa Bay, ambako Obama huhesabiwa kuwa jamaa kwa kuwa babu yake, Hussein Onyango, alitoka Kendu Bay. Mashirika ya ujasusi ya Marekani yalikuwa yamebaini kwamba Urusi ilidukua barua-pepe za chama chake. Obama alichelea kuonekana akiitumia habari hiyo kumpigia debe Hillary Clinton. Tarehe 7 Oktoba taarifa ikatolewa na wakuu wa usalama, si kwa kinywa chake. Wanadiplomasia 35 wa Urusi walifukuzwa tarehe 29 Desemba, kura zikiwa zimekwisha kupigwa. Wapo walioiita hadhari hiyo hekima; wengine waliiita woga.

Naipima hadhari hiyo kwa mizani ya nyumbani. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilibatilisha uchaguzi wa urais. Rais Uhuru Kenyatta, aliyekuwa mgombea, alisema anaiheshimu hukumu hiyo. Siku iyo hiyo akawaita majaji wakora. Mpinzani wake, Raila Odinga, alijiondoa katika uchaguzi wa marudio. Tarehe 26 Oktoba kura hazikupigwa Homa Bay, Kisumu, Siaya wala sehemu kubwa ya Migori, na matokeo yakatangazwa tarehe 30 bila maeneo hayo. Nakumbuka majirani wakibishana juu ya nani aliyeiba na nani aliyeibiwa. Kila mmoja alirudia maneno ya kiongozi wake, na hakuna aliyemshawishi mwenzake.

Hapo ndipo nilipotambua thamani ya hadhari. Neno la rais mgombea haliwi ushahidi; huwa ngozi nyingine inayovutwa. Hata hivyo, hadhari ya ulimi isigeuke kificho cha ukweli. Tarehe 20 Septemba 2017 majaji walikuwa wameeleza sababu zao: matokeo hayakupeperushwa kama sheria ilivyoagiza, na Tume ya uchaguzi haikufungua sava zake ipasavyo ilipoamriwa. Hayo yaliweza kusomwa na kuhojiwa na yeyote. Kadhalika mwaka 2022 Tume iliweka katika tovuti ya umma fomu za matokeo za vituo zaidi ya 46,000. Mvuvi wa Homa Bay aliweza kulinganisha fomu ya kituo chake na ile iliyobandikwa mlangoni, bila kungoja kauli ya mkubwa yeyote.

Kwa hiyo, rais na auchunge ulimi wake, lakini vyombo visivyo na upande viseme mapema, kabla mpiga kura hajaingia kituoni. Vikinyamaza navyo, watu wetu watabaki na ile ya lisemwalo lipo, na kama halipo laja.