Siku moja Mbudya, kisiwa cha Dar es Salaam

Tangu nirudi Dar es Salaam mmeniuliza sana bei ya vitenge, na hizo nimekwisha kuzisoma mkutanoni. Lakini watoto, na wamama wawili watatu kwa sauti ya chini, wameuliza jambo lingine: bahari iko namna gani? Basi barua hii ni ya bahari.

Njia kwanza, kwa kifupi. Kutoka kwetu Kabondo-Dianda unashuka kwa treni au kwa lori hadi Lubumbashi. Halafu ni basi: Kasumbalesa, Zambia mpaka Nakonde, unavuka Tunduma, kisha Mbeya, Iringa, Morogoro. Toka Lubumbashi ni karibu kilomita 2,000. Beba pasipoti na kile kikaratasi cha chanjo ya homa ya manjano, vyote viwili mkononi, si ndani ya furushi. Nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini foleni za mipakani hazijapata habari hiyo.

Dar es Salaam ni jiji la watu zaidi ya milioni 5, kwa hesabu ya sensa ya 2022. Sisi wenye biashara tunakwenda moja kwa moja Kariakoo. Jina hilo linatoka kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza waliokuwa na kambi pale wakati wa vita vya 1914 hadi 1918. Katika vita hivyohivyo, babu zetu wa Kongo walibebeshwa mizigo ya Wabelgiji mpaka Tabora, iliyotekwa mwaka 1916. Nikipita mtaa ule na furushi langu kichwani, nilijiona si mgeni sana.

Kiswahili chetu kinawachekesha. Nilisema “aksanti” tu, muuzaji akajibu, “Mama, wewe umetoka Kongo.” Niliagiza bukari, kijana akanitolea macho mpaka nikasema ugali. Na ukimkuta mzee usimwambie jambo. Sema shikamoo, naye ataitika marahaba. Hilo nimeanza kuwafundisha wajukuu, na wanalipenda kuliko zawadi nilizowaletea.

Sasa bahari. Jumapili, mizigo ikiwa imefungwa tayari, tulikuwa wamama wanne. Tulikata shauri kwenda Mbudya, kila mmoja kwa falanga zake mwenyewe, si za likelemba. Naliandika hili ili maneno yasizuke. Ulipanda daladala, yaani yale mabasi madogo ya kubanana, hadi upande wa Kunduchi, kama kilomita 20 kaskazini mwa katikati ya jiji. Pale kuna soko la samaki, ngalawa zimelala mchangani, na mashua za mota zinazovusha watu. Tulipatana bei ya kwenda na kurudi kabla ya kupanda. Pia tuliomba jaketi za kuelea. Mwenye mashua alicheka, lakini alizileta. Sisi tunaojua jinsi mitumbwi ya Lualaba inavyojazwa watu na magunia hatuoni haya kuomba jaketi.

Safari haikufika nusu saa. Kisiwa ni kidogo, hakina kijiji wala hoteli. Kina vichaka, vibanda vya makuti vya kukodi, na mchanga mweupe unaoumiza macho. Upande wa mashariki, bahari kubwa inapiga mawe ya matumbawe usiku na mchana. Mawimbi yanavunjikia kule, na upande wa magharibi unaotazama Kunduchi maji yanatulia. Ndiyo maana watu wa jiji wanapaleta watoto.

Na kweli wanawaleta! Jumapili Mbudya ni kama siku ya soko kwetu, isipokuwa hakuna anayeuza kitenge. Kuna jamaa nzima na masufuria yao, vijana na muziki, watoto ndani ya mipira ya matairi, wasichana wa kuogelea na wamama wa hijabu waliokaa majini hadi kifuani na nguo zao zote, wakicheka. Hilo la mwisho lilitupa moyo. Tulifunga vitenge vyetu vizuri, tukaingia. Maji ni ya uvuguvugu, na chumvi yake si ya mchezo: ukimeza kidogo unakohoa. Mwenzetu mmoja, mwenye umri wa miaka zaidi ya sitini, alilala chali juu ya maji akatazama mbingu muda mrefu. Tulipomwita alisema tumwache. Ana watoto saba na shamba la mihogo. Tukamwacha.

Kwa watoto waliouliza: ziwa letu la Kisale linapanda na kushuka kwa majira ya mvua. Bahari ya kule inafanya hivyo mara mbili kila siku. Inajaa kama saa sita, inakupwa kama saa sita, na kila siku inachelewa kama dakika 50, kwa sababu inafuata mwezi. Mwezi ukiwa mchanga kabisa au mpevu, inapanda sana na kushuka sana. Wenyeji wanaita bamvua, na hapo tofauti ya juu na chini inapita mita 3. Tuliacha viatu karibu na maji saa nne asubuhi, na bahari ikavifuata.

Chakula ni samaki wa kukaangwa na viazi. Unachagua samaki wako akiwa mbichi. Tulikula changu na kolekole. Pweza nilimwonja kwa adabu tu. Anatafunika kama mpira, lakini wenyeji wanamsifu na sitabishana nao.

Wakati tunasubiri samaki nilimuuliza mwenye mashua, mzee wa heshima, kama amewavua hapo kisiwani. Akatikisa kichwa. Kuvua kuzunguka Mbudya ni marufuku. Kisiwa hiki na vya jirani, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, viliwekwa kuwa hifadhi mwaka 1975, na sheria ya hifadhi za bahari ikaja 1994. Ndiyo maana mgeni analipa kiingilio, na mtu wa nje analipa zaidi ya mwenyeji. Samaki tuliokuwa tunawangoja walikuwa wamenunuliwa sokoni ng’ambo.

“Baba yangu alivua hapa,” akasema. “Mimi navusha watu.” Alitueleza pia juu ya baruti. Miaka mingi pwani hii watu walivua kwa kulipua maji: mlio mmoja, na kila kitu kinaelea, wakubwa kwa wadogo, na matumbawe ambamo samaki wanazaa yanakuwa kifusi. Matumbawe hayaoti kama mihogo. Yanahitaji miaka na miaka. Siku hizi baruti imepungua sana, alisema, kwa sababu serikali ilikaza mkono. Jumapili nzuri anavusha watu mara nyingi. Siku ya mvua anakaa.

Hapo mawazo yangu yalirudi nyumbani, Bukama na maziwa ya Upemba, mahali ambapo wengi wetu tunanunua samaki wa kukaushwa. Wote mnajua kikapu cha leo na kikapu cha mama zetu. Kambale wamekuwa wa mkono mmoja. Mnajua pia vyandarua vya mbu vinafanya kazi gani usiku, na ya kwamba vinakokota hata mayai. Kwetu nako kuna hifadhi, ya Upemba, tangu mwaka 1939, lakini kwetu neno hifadhi linaleta ugomvi kati ya wavuvi na walinzi, si kiingilio na samaki wa kukaanga. Sisi hatuna jiji la watu milioni 5 upande wa pili wa maji, la kuja kulipa Jumapili. Hiyo ni tofauti kubwa, na anayesema tuige Mbudya kesho asubuhi hajaifikiri.

Hata hivyo, nikipita Bukama niliisimulia habari hii kwa mama mmoja anayeuza samaki kando ya mto. Alisikiliza mpaka mwisho huku akipanga kambale wake kwa ukubwa. Kisha akauliza: “Na ule mwaka wa kwanza walipokatazwa, watoto wa wale wavuvi walikula nini?”

Swali lake nimelipeleka kwa kamati. Tutalizungumza Jumapili ijayo baada ya likelemba. Wenye waume wavuvi, njooni nao.