Mkali wa Gitaa Alikuwa Nani?

Ujiji ya miaka ya 1970 ilibishana kuhusu wapiga gitaa kuliko ilivyobishana kuhusu mpira. Simba na Yanga walikuwa Dar es Salaam, safari ya treni isiyo na haraka, na matokeo yao tuliyasikia redioni tu. Gitaa lilikuwa letu. Nusu ya mji wana ndugu Kalemie, Uvira au Bujumbura, na santuri zilivuka Ziwa Tanganyika kwa mitumbwi ileile iliyoleta vitenge. Ukimtukana Docteur Nico, mpiga gitaa wa Kongo, barazani, huenda ulikuwa unamtukana shemeji wa mtu.

Kijiwe chetu kilikuwa baraza ya fundi cherehani mmoja, jirani na soko. Alikuwa na gramafoni ya betri, na betri zikichoka alizianika juani juu ya bati hadi zipate moto kidogo, angalau upande mmoja wa santuri uishe bila sauti kuanza kuvuta. Masharti yake yalikuwa mepesi: aliyeleta santuri ndiye anaanza kusema, na hakuna kugusa sindano.

Swali lilikuwa moja, nani anapiga solo kali. Kambi ya Nico ilikuwa na sauti kubwa. Wao walikumbusha kwamba ndiye aliyepiga solo la wimbo wa Indépendance Cha Cha kule Brussels mwaka 1960, wakati wanasiasa wa Kongo wanajadili uhuru wao mezani. Kambi ya Franco, Mkongo mwenzake, ilijibu kwamba Nico anapamba, Franco anasema. Anarudia kipande kimoja kifupi hadi mguu wako unyanyuke wenyewe. Kambi ya tatu ilikuwa ya wazalendo. Mbaraka Mwinshehe alikwenda Osaka na Morogoro Jazz kwenye maonyesho ya dunia ya mwaka 1970, na aliporudi watu walikuwa wakimwita Soloist National. Wapo pia waliomtia Shem Karenga, kijana wetu aliyeanzia Lake Tanganyika Jazz hapahapa Kigoma kabla ya kung'ara na Tabora Jazz, ingawa kusema kweli yeye sifa yake kubwa ilikuwa sauti na utunzi. Mapenzi ya nyumbani hayo.

Mzee mmoja wa Kimanyema, aliyewahi kufanya kazi Katanga ujanani, alikuwa akiwasikiliza wote kisha anaomba gitaa kavu. Hakutumia kipande cha plastiki cha kukwaruzia nyuzi. Kidole gumba kilikwenda chini kwenye nyuzi nene, taratibu, hakibadiliki, na cha shahada kilicheza juu peke yake, kikimkimbia gumba, kikimsubiri, kikimpita tena. Ukifumba macho uliapa ni watu wawili. Hivyo ndivyo alivyopiga Mwenda Jean Bosco, yule ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. Mzee akimaliza anarudisha gitaa na kusema, "Wanangu, nyinyi mnashindanisha wanafunzi." Kisha anaondoka zake kwenda kuswali, anatuacha na ghadhabu.

Sisi watoto tulijaribu kumuiga kwa magitaa ya galoni. Unatafuta kopo la bati la mafuta, unalitoboa, unachomeka ubao uliouomba kwa mafundi wa mitumbwi. Waya wa breki ya baiskeli ukifumuliwa unatoa nyuzi nyembamba nyingi, kali kama wembe; uzi wa besi ni mshipi mnene wa kuvulia. Gitaa hilo halikukaa kwenye tyuni hata dakika tano. Vidole vilichanika na mama zetu walijua nani kashinda wapi.

Kilichovuruga mabishano hayo kilitoka kusini. Meli ya Liemba ilikuwa ikishuka hadi Mpulungu, Zambia, na wachuuzi wa dagaa walirudi na bidhaa za huko. Katikati ya miaka ya 1970 kaka mmoja mpakiaji mizigo alishuka na muziki wa Ngozi Family ya Paul Ngozi. Zambia wakati ule Rais Kaunda alikuwa ameagiza redio ipige asilimia 95 ya muziki wa nyumbani, na vijana wa Lusaka na wa miji ya migodi ya shaba, waliolelewa na roki ya Uingereza na Marekani, wakaamua kuipiga roki hiyo wenyewe. Hata bendi ya Sunburst ya Dar es Salaam ilihamia kulekule na kutoa Ave Africa mwaka 1976.

Gitaa la kwanza lilipolia, fundi alisimamisha cherehani. Sauti ilikuwa imechubuka, inakwaruza, inavuma kama nyuki. Akaizima gramafoni, akainama, akabonyeza spika kwa kidole gumba pole pole, pembe hadi pembe, kuona imepasuka wapi. Haikuwa imepasuka. Kaka yule alicheka hadi akakaa chini, kisha akamweleza kwamba huyo Paul Ngozi hupiga gitaa kwa meno pia. Fundi akajibu kwamba meno alipewa ya kulia samaki wa mgebuka.

Kuanzia siku zile kijiwe kiligawanyika kwa umri. Vijana tulileta jina la Jimi Hendrix, aliyekwishafariki mwaka 1970 kabla wengi wetu hatujamsikia, na tukadai kila aliyewahi kuchubua sauti ni mtoto wake. Tulimpata hata wa kwetu, Patrick Balisidya wa Afro 70, mwana wa Dodoma, aliyeipeleka bendi yake Lagos kwenye tamasha la FESTAC mwaka 1977. Wazee wakajibu kwa kisa kinachosimuliwa hadi leo bila ushahidi wowote, kwamba Hendrix mwenyewe alimfuata Nico Paris ili amwone anavyopiga. Sikiamini. Lakini kilifanya kazi yake, kwa sababu hakuna kijana aliyeweza kukikanusha.

Mbaraka alipofariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, kambi yake haikubishika tena. Ungemkosoa vipi marehemu wa miaka 34?

Dar ndiko kulikonibadilisha mimi. Nilikwenda kutafuta kazi mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kwa mara ya kwanza nikawaona watu tuliokuwa tukiwapima kwa masikio. Nilimwona Ndala Kasheba na gitaa lake la nyuzi 12, jukwaa zima linang'aa kwa sauti moja. Nikawaona Mlimani Park, bendi ya akina Michael Enoch, Joseph Mulenga na Abel Balthazar. Nilisimama karibu kabisa na jukwaa nikimtazama mpiga solo, hadi ikafika mahali nikaona kwamba wachezaji hawamfuati yeye. Miguu yao ilikuwa kwenye gitaa la rizimu, kwa mtu aliyesimama nyuma, hatabasamu, anarudia kipande kilekile. Aliposita kidogo kurekebisha uzi, solo lilibaki linaelea na uwanja ukapoa. Nikakumbuka kwamba kwenye Indépendance Cha Cha rizimu ni ya Dechaud, kaka wa Nico wa damu, na Ujiji sikuwahi kumsikia mtu hata mmoja akimtaja.

Ndiyo maana orodha za wenzetu hunishangaza. Jarida la Rolling Stone la Marekani lilipopanga wapiga gitaa 100 bora mwaka 2003 lilimweka Hendrix wa kwanza, sina ugomvi, na Ali Farka Touré wa Mali alipata nafasi. Nico na Franco hawamo. Roki inamtafuta mtu mmoja mbele ya taa. Kwa kipimo hicho Dechaud haonekani hata kidogo.

Niliporudi nyumbani, baa zilikuwa zimehamia kwenye kinanda kimoja kinachopiga kila kitu. Gitaa lilikuwa limekimbilia kanisani. Vita ya Kongo ya mwaka 1996 ilileta maelfu ya watu kuvuka ziwa, kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa Kasulu, na pamoja nao walikuja wapiga gitaa la sebene. Mimi Mwislamu, lakini nimewahi kusimama nje ya kanisa la mabati Jumapili nzima kwa ajili ya gitaa.

Mwaka 2012 Kigoma All Stars walitoa Leka Dutigite, wimbo uliowakutanisha Diamond Platnumz, Ali Kiba na wasanii wengine wenye asili ya mkoa wetu. Nilifurahi kama mzazi. Ubishi wa vijiweni sasa ni wa hao wawili, nani mkubwa, nani anajaza uwanja. Ni ubishi halali na una kelele za kutosha, ila nikiuliza nani kapiga gitaa vijana wananitazama kwa huruma.

Si wote. Pale Mwanga, hapahapa Kigoma, kuna kijana anayepiga kanisani, simu yake imejaa video za Hendrix, na kipande cha Nico anakipitia polepole hadi akipate. Juzi alinitaka nimtajie watano wangu. Nikamwambia: Dechaud, Bosco, Nico, Mbaraka, Hendrix. Akasema Dechaud hawezi kuwa wa kwanza, hapigi solo. Nikamwambia alete gitaa lake, mimi nishike rizimu, halafu nitaiacha katikati ya wimbo.