Kuziba au Kutoa Tofali

Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, mimi nimezaliwa humu humu, kwa hiyo nyumba ya udongo naijua. Ukuta ukipasuka, ugonge kwanza. Ukilia kama debe tupu, ni udongo wa juu tu umeachana na tofali: bandua, lowesha, kandika upya kwa udongo, mchanga na nyasi zilizokatwakatwa. Lakini tofali za chini zikimumunyika kama andazi kwenye chai, hapo ni kutoa.

Wetu wa upande wa mvua ulikuwa hivyo. Jirani akashauri tupige saruji juu. Mimi hapana. Saruji haishikani vizuri na tofali bichi, inafungia maji ndani, masika yakipita inabanduka kama gamba na pesa imeenda.

Kazi ilikuwa kwa mama. Kila mwaka yeye ni, "Ziba tu, baba, tunarudi Fizi." Kwake tofali mpya ni kusema hatuendi popote. Nami vijana wa kikundi changu wananiuliza kila wiki kama wajifunze ufundi hapa au wangoje kwanza. Niwajibu nini, nikiwa nalala kwenye ukuta wa kuzibaziba?

Nikamwambia, "Mama, siku ya safari ukuta hautatushika miguu. Ukianguka usiku, utaangukia kitanda chako."

Alinyamaza siku mbili. Ya tatu nikamkuta nje anakanyaga udongo, kitenge amekifunga juu ya magoti. Tofali zilipokauka tukatoa safu nne, kipande kwa kipande, ukuta umeegemea miti. Chini kabisa tukaweka mawe. Mlango alikataa tusiuguse.