Maji ya Kuja, Maji ya Ziwa

Kwetu Nyatike, kaunti ya Migori, mafuriko huja jua likiwaka. Mvua hunyesha juu huko Kisii na Nyamira, Gucha unafurika, unateremka huku tunakouita Kuja, unapokea mto Migori, kisha unafika tambarare za Kabuto na kumwagika mashambani. Ndiyo maana nyanya yangu hakuhangaika na mawingu ya kwetu. Asubuhi alishuka mtoni kutazama rangi ya maji na vinavyoelea. Maji yakiwa mekundu na migomba imeanza kupita, mizizi juu, alirudi akipaza sauti: "Pandisheni vitu!"

Vitanda viliinuliwa kwa matofali, magunia ya mtama yakawekwa juu ya boriti, kuku wakafungwa miguu na kulazwa juu ya kabati. Vijana walipeleka mbuzi mwinukoni. Sisi tulibaki. Baada ya siku mbili tatu maji yalishuka, yakatuachia tope na nyoka chini ya mikeka. Jambo moja nyanya hakulilegeza kamwe: marufuku kulala kando ya ukuta ulionyonya maji, hata mafuriko yakiwa yamekwisha. Nyumba ya udongo huweza kuanguka watu wakishadhani wamepona.

Niliolewa Karachuonyo, Homa Bay, kando ya ziwa, nikaja na elimu hiyo. Ilinitosha hadi 2020. Mwezi wa Mei mwaka huo Ziwa Victoria lilipanda hadi likavuka rekodi ya 1964 kwenye kipimo cha Jinja. Mto hupita, ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, Nile pale Jinja, na likijaa hukaa. Tulipandisha vitu, tukangoja siku tatu, wiki, mwezi. Hapakuwa na kishindo. Maji yalichomoza kutoka chini, kwanza kwenye shimo la choo, kisha kisimani, kisha sakafuni. Usiku tulisikia viboko wakila majani uani.

Mama mkwe alikataa kutoka. "Mwanangu, boma haliachwi," alisema, ameketi juu ya kitanda kilichoinuliwa. Nilimshika mkono nikampeleka nyuma ya jikoni, akaona uchafu wa choo ukielea hatua chache tu kutoka kwenye mafiga. Jioni hiyo tulilala katika shule iliyokuwa imefungwa kwa sababu ya korona.

Mei 2024 ziwa lilivuka hata kiwango cha 2020. Safari hii tuliondoka mapema. Vitambulisho, hati ya shamba na dawa za presha za mama mkwe vilikuwa tayari kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa. Stima ilishaingia kijijini, kwa hiyo swichi kubwa ilizimwa maji yakiwa bado mbali na kizingiti. Na huko Nyatike ndugu zangu hawangoji migomba tena, maana usiku huioni; hupigiwa simu na jamaa wa Kisii mvua inapoanza.

Kila msimu tunaambiwa tuhamie mwinuko. Ni kweli, lakini mwinuko una wenyewe, na asiye na ndugu huko hurudi majini. Hilo ndilo serikali zetu za kaunti zinalopaswa kulishughulikia kiangazi, kabla watu hawajaloa. Sisi tumeelewana na shemeji anayekaa upande wa milima ya Homa: chumba kimoja na zizi la mbuzi. Siku hizi, ikifika Machi, mama mkwe ndiye anayempigia simu kuuliza kama lile bati linalovuja limezibwa.